Drafti, bao, ludo, Scrabble au vitofali: kipi kiwakalishe pamoja nyumbani?

Likizo ya Desemba ikikaribia, nyumba nyingi za Mwanza hujaa. Watoto wa bweni wanarudi, binamu wanashuka basi kutoka Dar na Shinyanga, bibi analetwa kutoka Magu au Sengerema aje akae mpaka shule zifunguliwe. Hapo ndipo mzazi anapoanza kuwaza: ninunue nini cha kuwakalisha hawa wote pamoja jioni, kisiwe simu wala televisheni? Wapo wanaokwenda moja kwa moja kwenye boksi kubwa lenye picha za kuvutia. Wapo wanaonunua ludo kwa machinga na kuona shughuli imekwisha.

Kipimo ninachokiamini mimi si bei wala si umaarufu wa mchezo. Ni hiki: kitu hicho kikishawekwa mezani au mkekani, nani atabaki nje? Mchezo wa watu wawili unawaacha sita wakitazama. Mchezo wa maneno ya Kiingereza unamtoa bibi. Vitofali vidogo vinamtoa mtoto wa miaka miwili, na ni lazima vimtoe, kwa usalama wake. Kila chaguo lina mtu linayemwacha, na mnunuzi mzuri ni yule anayejua mtu huyo ni nani kabla hajatoa hela.

Drafti au bao

Drafti ndiyo nyepesi kuanza nayo. Inahitaji ubao wa miraba 64 na kete 12 kila upande. Boksi gumu lililochorwa kwa rula na vizibo vya soda, vya huyu vikitazama juu na vya yule vikitazama chini, vinatosha kabisa. Na mwalimu hatafutwi mbali, kwa sababu karibu kila mtaa una kijiwe, na karibu kila ukoo una mjomba aliyezoea kukaa hapo. Sheria mtoto anazishika kwa jioni moja: kete inakwenda mbele, inakula, ikifika mwisho inakuwa kingi. Jambo la kukubaliana mapema ni mwendo wa kingi. Kingi wa vijiweni kwetu anaruka mbali kwenye mstari mzima, ilhali katika drafti ya Kiingereza anakwenda mraba mmoja tu kwa hatua. Binamu aliyejifunza kwenye simu anaweza kuja na sheria hiyo ya pili, na ugomvi ukaanza kete tatu baadaye.

Udhaifu wa drafti ni kwamba mkubwa humfunga mdogo kila mara, na mdogo aliyefungwa mfululizo haombi tena kucheza. Mpunguzieni mkubwa silaha: aanze na kete 9 dhidi ya 12. Mdogo akianza kushinda, mkubwa arudishiwe moja. Kuna pia desturi ya kijiweni ya aliyefungwa kumpisha mwingine, mshindi abaki kitini. Nyumbani naipinga kabisa, kwa kuwa inamkalisha bingwa jioni nzima na kuwazungusha wanyonge. Igeuzeni, mshindi ndiye apishe. Kwa namna hiyo wote wanapata ubao, na bingwa anarudi akiwa amepumzika.

Bao ni kitu kizito zaidi, na kwa maoni yangu ni zuri zaidi. Ubao una safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, shimo maalumu la safu ya mbele, na 22 mkononi. Hizo za mkononi anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni, moja moja mpaka ziishe, ndipo mchezo uingie kwenye mtaji, hatua ya kucheza na kete zilizopo ubaoni tu. Hapo kuna kula, kutakata (kucheza bila kula), kuilinda nyumba, na hesabu za mizunguko ambazo mtu mzima anaweza kujifunza miaka na asizimalize. Kwa mtoto wa darasa la pili hayo yote ni mlima. Mwanzisheni na bao la kujifunza: kila shimo lijazwe kete mbili, hakuna cha mkononi, mchezo unaanza papo hapo. Atahesabu bila kujua kwamba anafundishwa hesabu.

Usimlazimishe bibi acheze bao la pwani. Wasukuma wana isolo, ndugu wa bao, na mzee aliyekulia Magu au Kwimba huenda anaijua hiyo kuliko unavyojua wewe unachotaka kumfundisha. Mwacheni afundishe lake. Hapa ndipo bao linapoishinda drafti katika nyumba yenye wazee: mezani mzee hawi mgeni anayeelekezwa, anakuwa mwalimu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, na picha zake akiwa ameinamia ubao zinafahamika. Watoto nao wanafurahi kusikia kwamba rais alicheza kitu hiki kilichopo mkekani kwao. Mkitaka safari ya mchana ya kuendeleza mazungumzo hayo, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yapo Kisesa, nje kidogo ya jiji.

Ubao wa kuchonga una gharama, maana ni kazi ya fundi. Kabla ya kuagiza, jaribuni na trei za mayai. Trei moja ina mashimo matano kwa sita, kwa hiyo mbili zilizokatwa na kuunganishwa zinatoa safu nne za manane. Kete ziwe mbegu au kokoto za ufukweni zilizooshwa. Ikiwa baada ya wiki mbili trei imechakaa kwa kuchezewa, basi fundi apewe kazi. Ikiwa imekaa juu ya kabati, mmeokoa hela. Angalizo moja tu: kete za bao ni ndogo na laini, zinateleza kooni kwa mtoto mchanga kirahisi. Zihesabuni wakati wa kufunga.

Ludo au karata

Hapa sitakawia sana, maana nyumba nyingi tayari zina mojawapo.

Ludo ilitokana na pachisi ya India, ikasajiliwa Uingereza mwaka 1896, na nguvu yake ni dadu. Bahati haichagui umri, kwa hiyo mtoto wa miaka sita anaweza kumpiku baba yake bila kupendelewa. Tatizo ni ile sita ya kutokea. Uwezekano wa mtu kurusha mara kumi bila kupata sita hata moja ni karibu 16 kwa 100, kiasi kwamba katika meza ya watu wanne si ajabu mmoja wao akae muda mrefu akiwatazama wenzake wakizunguka. Kwa mtoto mdogo hiyo ni adhabu. Dawa ni kuanza na kete moja ya kila mtu ikiwa tayari nje. Mkizidi wanne, chezeni wawili wawili, mmoja arushe na mwenzake aamue kete ipi isogee. Upande wa pili wa ubao huwa na nyoka na ngazi, ambayo haina uamuzi wowote. Inamfaa anayejifunza kuhesabu hadi mia, lakini mtu mzima anachoka upesi.

Ukigawa bei kwa idadi ya wachezaji, karata 52 ndizo rahisi kuliko kitu chochote kwenye orodha hii. Pakiti moja inakalisha sita au saba kwa lasti kadi, inaingia mfukoni, inakwenda nayo kwenye meli ya Bukoba au Ukerewe. Mtoto anazijua shupaza, kopa, uru na pau kwa siku moja. Uno, iliyobuniwa Marekani mwaka 1971, ni ya ukoo huohuo wa lasti kadi. Rangi zake zinamsaidia mtoto asiyesoma vizuri, ila kwa nyumba yenye karata na watoto wa kuanzia miaka minane sioni sababu ya kuinunua kwanza.

Yapo mambo mawili ambayo boksi halitakwambia. La kwanza ni upepo. Mchana upepo unavuma kutoka ziwani kuingia nchi kavu, na anayekaa Kirumba, Capri Point au popote ufukweni anajua kwamba barazani saa tisa alasiri karata hazitulii. Vizibo vya drafti na kete za bao zinatulia. La pili ni heshima ya nyumba. Kuna wazee ambao karata kwao ni kamari, hata kama hakuna shilingi iliyowekwa. Zipo familia za Kiislamu zisizoruhusu dadu, na za kilokole zisizotaka karata ndani. Mkiwa na mgeni wa namna hiyo, msimpe mtihani wa kukataa mbele ya watoto. Toeni bao au drafti, ambazo hazina dadu wala karata, na kila mtu atakaa.

Scrabble au Monopoly

Haya ni maboksi makubwa ambayo wazazi wa mjini hununua kwa nia njema ya elimu. Nia hiyo naiheshimu, ila yote mawili yanahitaji kurekebishwa kabla hayajaifaa familia yetu.

Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, ina vigae 100, na mgawanyo wake umepimwa kwa Kiingereza. Mwaga mfuko uhesabu: E ziko 12, A ni 9, na K ni moja tu. Moja! Jaribu kuandika kaka, kuku, au neno lolote linaloanza na ku- au ki- na K moja kwa meza nzima. Q na X hazina kazi kabisa katika Kiswahili. Z ina pointi 10 na J ina 8 kwa sababu Waingereza hawazitumii sana, ilhali sisi tuna kazi, zawadi, maji, jana, jiko. Ndiyo maana familia nyingi hukubali yaishe na kucheza Kiingereza, na hapo bibi, dada wa kazi na mtoto wa darasa la tatu wote wanahama meza.

Fanyeni hivi. Toeni vigae vinane: Q, X, E nne na T mbili. Kila kimoja kikateni herufi yake ya zamani kwa mstari wa kalamu isiyofutika, kisha mgongoni andikeni herufi mpya: K nne, A mbili, M moja, W moja. Mfuko unabaki na vigae 100 vinavyolingana mkononi, asipatikane wa kupapasa na kuchagua. K zote zihesabiwe pointi mbili, J na Z tatu. Ongezeni kanuni moja: neno lolote la Kiswahili linaloweza kusikika katika sentensi linakubalika, pamoja na vitenzi vilivyonyambuliwa, isipokuwa majina ya watu na mahali.

Hapo mchezo unabadilika kabisa, na naweza kusema unapendeza kuliko ulivyo kwa Kiingereza. Kiswahili kinakua kwa pande zote mbili za neno. Mmoja anaweka PENDA. Wa pili anatanguliza WANA, linakuwa WANAPENDA. Mtoto wa darasa la nne, ambaye alikuwa amenyamaza na N na A zake mbili mbovu, anazibandika mwishoni: WANAPENDANA. Kapata pointi za neno zima la herufi 11. Bibi anacheka, anataka kujua nani hao wanaopendana, na mazungumzo yanaanza. Hakuna mchezo mwingine wa dukani ninaoufahamu unaompa mtoto wa Kitanzania ushindi kwa kuijua vizuri lugha yake mwenyewe.

Monopoly, mchezo wa kununua viwanja na kutoza kodi, ilianza kuuzwa na kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935, lakini mzizi wake ni mchezo wa Lizzie Magie, aliyepata hataza (hati ya haki ya mbunifu) Marekani mwaka 1904 na kukusudia kuonyesha ubaya wa watu wachache kuhodhi ardhi. Kusudio hilo limebaki ndani ya mchezo hata leo. Mmoja anatajirika na wengine wanafilisika mmoja baada ya mwingine, na aliyefilisika wa kwanza anaachwa akizurura sebuleni saa nzima au zaidi. Kwa kipimo changu cha nani atabaki nje, huu ndio unaofanya vibaya kuliko yote. Mkiwa nao tayari, fuateni sheria mbili ambazo nyumba nyingi huzipuuza: kiwanja ambacho aliyekikanyaga hakutaka kukinunua kipigwe mnada palepale kwa wote, na pasiwepo fungu la hela za bure kwenye kona ya maegesho. Fungu hilo halimo katika sheria rasmi, na kazi yake ni kurefusha mchezo tu. Kisha wekeni saa: baada ya dakika 90 kila mtu ahesabu mali yake, mwenye nyingi ashinde. Hata baada ya marekebisho hayo nisingeununua kuwa wa kwanza.

Vitofali: vya Lego, vya bei nafuu, au vya seremala

Sasa tushuke mkekani. Vitofali vya kuunganisha ni burudani ya namna nyingine kabisa, kwa sababu hakuna zamu wala mshindi, na watu wanne wanaweza kuchovya mikono kwenye rundo moja kwa wakati mmoja.

Lego ilianzishwa mwaka 1932 na Ole Kirk Christiansen, fundi seremala wa Billund huko Denmark. Kitofali tunachokijua leo kilisajiliwa tarehe 28 Januari 1958, na kitofali cha mwaka huo bado kinashikana na kilichotoka kiwandani juzi. Kwa mnunuzi wa Mwanza hili lina maana kubwa: vya mitumba havijapitwa na wakati. Ukikuta mfuko wa mchanganyiko kwa muuza vitu vya watoto, vioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, vianike kivulini, maana maji ya moto na jua kali hupinda plastiki, na utakuwa na kitu kitakachotumiwa mpaka na wajukuu. Vipya vya Lego ni ghali, hilo halifichiki.

Kwa kuwa hataza ile ya zamani ya Lego imekwisha muda wake, makampuni mengine, mengi yakiwa ya China, hutengeneza vitofali vya vipimo hivyohivyo kihalali. Kwa hiyo sokoni ulizia mshiko kabla ya kuulizia jina. Omba kufunguliwa, unganisha vipande sita, inua kwa kushika cha juu, tikisa. Vikiachana, mtoto atalia kila mnara ukianguka. Kisha jaribu kuviachanisha kwa vidole. Vikigoma, mtoto atatumia meno. Nusa pia, na plastiki yenye harufu kali rudisha. Vya bei nafuu vinavyopita majaribio hayo ni ununuzi mzuri, na usione haya kuvichagua.

Linalonihangaisha zaidi ni seti yenye picha dhidi ya vitofali vya mchanganyiko. Seti ya gari au jumba ina kitabu cha hatua. Mmoja anashika kitabu, mwingine anatafuta vipande, wa tatu hana la kufanya, na jengo likiisha linapanda kabatini wasiliguse wadogo. Kijana wa miaka 13 anayependa kazi ya utulivu anaifurahia, na inamfundisha subira, sikatai. Lakini kwa familia, vipande vya kawaida visivyo na umbo maalumu vinazaa zaidi. Wanahesabu wamekokotoa kwamba vitofali sita tu vya vinundu nane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Mtoto hahitaji jumba la kifalme ili ubongo wake ufanye kazi.

Kwa aliye chini ya miaka mitatu, vidogo haviruhusiwi hata kidogo. Kitu kinachopita kwenye kile kibomba cha ndani ya tishu ya chooni kinaweza kumkaba. Duplo, vitofali vikubwa vya Lego vilivyotoka mwaka 1969, ina vipande vyenye vipimo mara mbili kila upande na imekusudiwa mwaka mmoja na nusu hadi mitano. Uzuri wake usiotajwa sana ni kwamba vitofali vya kawaida vinashikana juu yake, kwa hiyo mdogo anaweza kujenga msingi mchana, na dada yake akamalizia ghorofa mezani mdogo akishalala.

Chaguo la tatu halimo dukani, na ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa nyumba yenye watoto wa umri tofauti: vipande vya mbao. Tangu mwaka 1913 mwalimu Caroline Pratt wa New York alikuwa akitumia vipande vyenye uwiano wa moja kwa mbili kwa nne, na uwiano huo bado unatumika mashuleni duniani, kwa sababu viwili vilivyolala kimoja juu ya kingine vinalingana na kimoja kilichosimama kwa ubavu na kila kitu kinakaa sawa. Mwambie seremala wa mtaani achukue ubao wa paina wa inchi moja kwa nane, futi 12, aupasue mikanda ya inchi mbili, kisha akate kila inchi nne. Ukitoa kinachopotea kwa msumeno utapata karibu vipande mia. Vichache avikate inchi nane viwe boriti, vichache inchi mbili viwe mraba. Kila kipande cha kawaida kitakuwa na uzito wa kama gramu 60, hakiumizi kidole kikianguka. Apige msasa kingo zote. Visipakwe vanishi wala rangi.

Sharti moja halina mjadala: mbao zisiwe zimetiwa dawa. Mbao nyingi za kuezekea zimelowekwa dawa ya kuzuia mchwa na huwa na rangi ya kijani kijani. Hizo hazifai mkononi wala mdomoni mwa mtoto. Sema wazi kabla fundi hajawasha msumeno kwamba unatengeneza vitu vya kuchezea watoto.

Vya mbao havishikani, na hiyo ni faida na hasara. Hasara ni kwamba huwezi kuinua ulichojenga. Faida ni kwamba mtoto wa miaka miwili na babu wa miaka 70 mwenye vidole vigumu wanaweza kujenga mnara mmoja, kwani hakuna cha kubana wala cha kuchomoa. Katika vitu vyote nilivyovitaja, hakuna kinachowaacha nje watu wachache kuliko hiki.

Meza au mkeka

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, uamuzi ni kati ya aina hizi mbili, na hautegemei ubora wa boksi.

Mezani kuna zamu. Mtu anangoja, anashindwa mbele ya wenzake, anajifunza kumeza. Jioni ina mwanzo na mwisho, na mchezo unafungwa sebule irudi kuwa ya wageni. Kwa watoto wanaogombana kwa kuingiliana maneno, nidhamu hiyo ya kungoja ina thamani kubwa. Umeme ukikatika, taa moja ya sola inatosha kuangaza ubao wa drafti. Vitofali vidogo gizani ni shida tupu.

Mkekani hakuna zamu, na hapo ndipo kijana asiyezungumza anapofungua mdomo. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, baba anaweza kuuliza habari za shule bila ionekane kama mahojiano. Hilo siwezi kulipata kwenye ludo. Lakini vitofali vina hatari yake: kila mtu anajijengea chake pembeni, na mnakaa pamoja bila kuwa pamoja. Kinachoondoa hatari hiyo ni jengo moja la wote. Watoto wa Mwanza hawakosi la kujenga. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililozinduliwa Juni 2025, linatosha kwa siku kadhaa: nguzo za huyu, barabara ya yule, malori ya mdogo yanayopita juu, na babu akieleza foleni ya kusubiri kivuko ilivyokuwa. Siku nyingine jengeni mwalo wa Kirumba na mitumbwi yake, au nyumba za vilimani Mabatini, ambapo mtajikuta mnatafuta jinsi ya kuisimamisha nyumba kati ya mawe mawili.

Nafasi pia inaamua. Kwa chumba na sebule, tandikeni shuka la zamani au kanga iliyochakaa, jengeni juu yake, na wakati wa kulala shikeni pembe nne mfunge furushi. Hakuna kipande kitakachobaki sakafuni kumchoma mtu usiku.

Kwa nyumba yako hasa

Mna watoto wawili wanaofuatana na wazazi wawili, hakuna mzee: anzeni na karata na drafti, jumla yake ni hela ndogo, kisha vitofali vya mchanganyiko. Kuna mtoto chini ya miaka mitatu na wakubwa wake: vipande vya seremala kwanza, vidogo vya plastiki vingoje. Vijana wa sekondari wanaorudi likizo na kushinda kwenye simu: Scrabble iliyorekebishwa, na jioni ya kwanza wawapange timu na shangazi zao, wasicheze peke yao. Mtoto mmoja asiye na ndugu wa rika lake: vitofali, kwa sababu ndivyo pekee vinavyomchezesha hata kabla mzazi hajarudi kutoka kazini, halafu mzazi anaingia palipofikiwa. Nyumba inayopokea watu kumi na zaidi Krismasi au Idi: msitafute mchezo mmoja wa wote, haupo. Wekeni ubao wa bao barazani, karata sebuleni, mbao mkekani, na muwaache watu wahame.

Na kama ndani ya nyumba kuna mzee ambaye macho yamepungua, agizeni ubao wa bao hata kama bajeti ilikuwa ya boksi la dukani. Mwambieni fundi achimbe mashimo marefu kidogo kuliko kawaida na aache ukingo mpana katikati ya safu, ili mkono ujue uko wapi. Chagueni kete kubwa za ukubwa mmoja. Mjukuu amsomee hesabu ya mashimo ya mbele, mengine mzee atayahesabu kwa vidole.